Maswali ya Wasomaji: Moshi wa Sigara Nyumbani na Afya ya Watoto

Katika toleo lililopita tulieleza kwa kifupi kwamba moshi wa sigara humdhuru hata mtu asiyevuta, tukawaalika wasomaji watuletee maswali. Barua zilizotufikia ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na karibu zote zinahusu watoto. Tumechagua chache, tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Mume wangu huvuta dirishani

SWALI: Daktari, mtoto wetu ana umri wa miezi tisa na amekwisha kulazwa mara mbili kwa nimonia. Mume wangu huvuta sigara sebuleni, lakini kila mara husimama dirishani na kupuliza moshi nje. Ninapolalamika hunionyesha kwamba chumba hakina moshi na kwamba harufu ni kidogo. Je, ninamlaumu bure? – Mama Mwenye Wasiwasi

JIBU: Humlaumu bure, mama, ingawa haitakuwa haki kusema kwamba nimonia ya mtoto wako imeletwa na sigara za baba yake. Nimonia husababishwa na vijidudu, na hakuna kipimo cha kuthibitisha kwamba ugonjwa wa mtoto fulani ulitokana na moshi. Tunachoweza kusema bila kusita ni kwamba moshi humweka mtoto katika hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua, na kwamba dirisha halimkingi.

Mumeo anahesabu ule moshi unaotoka kinywani mwake tu. Sigara iliyowashwa hutoa moshi kwa njia mbili: upo ule ambao mvutaji huuvuta na kuupuliza, na upo ule unaopanda wenyewe kutoka kwenye ncha inayoungua wakati sigara imetulia baina ya vidole. Mtu huvuta kwa sekunde chache, kisha hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kuvuta tena, na muda wote huo sigara haiachi kuungua. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya moshi unaoenea chumbani, takriban asilimia 85, hutoka kwenye ile ncha, na haukupita kwenye kichungi cha sigara wala katika mapafu ya mtu yeyote. Tena, ncha isiyovutwa huungua kwa joto dogo zaidi, na uunguaji wa namna hiyo huzalisha kwa wingi zaidi baadhi ya sumu, kama vile amonia, kabonimonoksaidi na kemikali kadhaa zinazosababisha saratani.

Dirisha nalo hupitisha hewa pande zote mbili, na upepo ukiwa unavuma kuelekea ndani, moshi uliopulizwa nje hurudi pamoja nao. Kuhusu chumba kuonekana safi, tunamwomba mumeo asiyategemee macho wala pua yake. Sehemu kubwa ya moshi wa sigara haionekani kabisa. Chembechembe zake nyingi zina kipenyo kisichofika mikromita 2.5, ambacho ni kidogo mara nyingi kuliko unene wa unywele, na huweza kuelea hewani kwa saa kadhaa baada ya sigara kuzimwa. Pua ya mvutaji wa muda mrefu, kwa upande wake, huwa imepungukiwa na uwezo wa kunusa, kwa hiyo anaposema harufu ni kidogo hadanganyi. Ni kweli kwamba yeye haisikii.

Sasa mtazame mtoto. Mtoto mchanga hupumua kati ya mara 30 na 60 kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20, na hata akiwa na miezi tisa mtoto bado hupumua haraka kuliko wazazi wake. Kulingana na uzito wake, basi, hewa anayoingiza ni nyingi kuliko yenu. Njia zake za hewa ni nyembamba kiasi kwamba uvimbe mdogo tu hutosha kumfanya akorome na kukosa pumzi, kinga yake ya mwili bado inajengeka, na moshi ukimkera hawezi kuinuka na kwenda chumba kingine. Ripoti ya shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia mazingira, iliyokamilishwa mwaka 1992, ilikadiria kwamba nchini humo moshi wa sigara za watu wengine ulichangia kati ya visa 150,000 na 300,000 vya maambukizi ya kifua kila mwaka kwa watoto wasiozidi miezi 18, na kwamba watoto kati ya 7,500 na 15,000 walilazwa hospitalini kwa sababu hiyo.

Ushauri wetu ni huu. Sigara isiwashwe ndani ya nyumba kabisa, hata wakati ambapo mtoto hayupo, kwa sababu atarudi na kuikuta hewa ile ile. Mweleze daktari anayemtibu kwamba nyumbani kuna mvutaji, kwani wazazi wengi hulificha jambo hilo kwa aibu na daktari hukosa taarifa anayoihitaji. Hakikisheni chanjo zake zote zimekamilika. Na akianza kupumua haraka kupita kawaida, kifua kikabonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, au akashindwa kunyonya, msingoje asubuhi.

Mashine ya kusafisha hewa

SWALI: Kaka yangu anaishi nasi na huvuta chumbani kwake. Tumenunua mashine ya kusafisha hewa, na baadaye tunapuliza manukato ya chumbani. Je, inatosha? – Dada wa Mvutaji

JIBU: Haitoshi. Mashine nzuri hunasa sehemu ya chembechembe, lakini gesi nyingi zilizomo katika moshi huiponyoka, na hata hizo chembechembe hunaswa baada ya kuzunguka nyumbani na kupita puani mwenu kwanza. Kiyoyozi cha kawaida ndicho dhaifu zaidi, kwa kuwa huirudisha hewa ile ile ikiwa baridi. Ripoti ya mwaka 2006 ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ililizungumzia suala hili waziwazi: hakuna kiwango cha moshi huu kisicho na hatari, na wala kuwatenga wavutaji katika sehemu yao, wala kusafisha hewa, wala kupitisha hewa ya nje hakuwezi kuwakinga kikamilifu wasiovuta walio katika jengo hilo hilo. Manukato tunayapinga zaidi, kwa sababu yanaifunika harufu, na harufu ndiyo ishara pekee inayowaonya kwamba moshi umefika.

Mwanafunzi asiyesikia

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Nina mwanafunzi ambaye mara kwa mara sikio lake hutoa usaha, na siku nyingine huonekana kama hasikii ninachosema. Sare yake hunuka sigara. Nimesoma kwamba mambo haya yanahusiana, lakini sielewi moshi unafikaje sikioni. – Mwalimu

JIBU: Hauingilii kwenye tundu la sikio, mwalimu, unapitia puani. Nyuma ya pua kuna mrija mwembamba unaokwenda hadi kwenye sikio la kati, na kazi yake ni kuingiza hewa humo na kutoa majimaji. Kwa mtu mzima mrija huo umeinama, hivyo majimaji hushuka bila shida. Kwa mtoto ni mfupi zaidi na umelala karibu sawasawa, na kwa hiyo huziba kwa urahisi. Ukuta wake wa ndani umepandwa vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hufagia ute kuelekea kooni mchana na usiku. Moshi wa sigara huvidhoofisha vinyweleo hivyo, na papo hapo huufanya ukuta wenyewe uvimbe. Mrija ukiziba, majimaji hutuama nyuma ya kiwambo cha sikio na vijidudu hupata pa kuzaliana. Kiwambo kikishinikizwa kupita kiasi hupasuka, na hapo ndipo usaha unapotoka.

Usaha angalau huonekana na mtoto hupelekwa kutibiwa. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni yale majimaji yanayoweza kubaki kwa wiki nyingi bila homa wala maumivu, kwa sababu mtoto husikia kama mtu aliyezama kichwa ndani ya maji: sauti zinamfikia, lakini maneno yamefifia. Mtoto wa namna hiyo huongeza sauti ya redio, hujibu swali ambalo hakuulizwa, hutazama midomo ya anayezungumza, na anapoitwa kwa nyuma hageuki. Darasani huandikwa kuwa ni mzembe au mkaidi, na huo ni wakati ambao angekuwa anajifunza kusoma.

Mkalishe mbele, sikio lililo bora likielekea kwako, na hakikisha anakuona uso unapotoa maelekezo. Waombe wazazi wampeleke akapimwe usikivu, na wasimtie mafuta wala kitu kingine chochote sikioni kabla hajachunguzwa. Ukizungumza nao, anza na masomo ya mtoto na uiache harufu ya sare mpaka mwisho, kwa sababu maradhi ya sikio yana vyanzo vingi, na mzazi aliyekwisha kuona kwamba anashutumiwa huacha kusikiliza. Utakapofika kwenye moshi, useme kama jambo moja kati ya yale wanayoweza kuyabadilisha wao wenyewe, bila kungoja daktari.

Nina mimba na mkwe wangu anavuta

SWALI: Nina mimba ya miezi mitano. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, huvuta sigara jikoni na anasema kwamba mtoto akiwa tumboni hawezi kuvuta moshi. Namheshimu sana na sijui nimwambieje. Je, baada ya kujifungua nitaweza kunyonyesha? – Mama Mtarajiwa

JIBU: Mkwe wako amesema kweli kwamba mtoto aliye tumboni hapumui hewa. Yeye hutegemea damu yako, na tatizo liko hapo hapo. Kabonimonoksaidi iliyomo katika moshi hushikamana na hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na kila nafasi inayokaliwa na gesi hiyo ni nafasi ambayo oksijeni imeikosa. Nikotini nayo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Wanawake wajawazito wanaoishi na wavutaji huzaa watoto ambao, kwa wastani, uzito wao umepungua kidogo. Hatutaki kukutia hofu isiyo na kipimo: upungufu huo ni mdogo kwa mtoto mwenye afya, na madhara yake hayalingani na yale yanayompata mtoto ambaye mama yake mwenyewe anavuta. Lakini ni madhara yanayoepukika, na miezi minne iliyobaki ndiyo ambayo mtoto ataongezeka uzito kwa wingi.

Baada ya kuzaliwa, jambo la kuliangalia kuliko yote ni usingizi. Kile kifo cha ghafla cha mtoto mchanga, ambapo mtoto aliyelazwa akiwa mzima hukutwa amefariki bila sababu kuonekana, hutokea zaidi katika nyumba zenye moshi wa sigara. Mlaze chali, mahali pake mwenyewe karibu na kitanda chenu, na mtu anayevuta asilale naye kitanda kimoja, hata kama havuti chumbani. Kunyonyesha, nyonyesha bila wasiwasi. Maziwa yako bado ndiyo chakula bora, na hata mama anayevuta mwenyewe hushauriwa asiache kunyonyesha, bali avute baada ya kunyonyesha na si kabla, ili nikotini ipungue katika maziwa kabla ya mtoto kunyonya tena.

Kuhusu mkwe wako, maoni yetu ni kwamba ombi hilo litamkwe na mwanawe, si na wewe. Likitoka kwako linaweza kuonekana ni amri ya mkaza mwana katika nyumba ya mumewe. Likitoka kwake ni mtoto anayemwomba mama yake msaada kwa ajili ya mjukuu. Atayarishe mahali nje penye kivuli na kiti, kwa kuwa mzee anayefukuzwa jikoni bila kuonyeshwa pa kukaa atarudi jikoni.

Nimelea wengi na wote ni wazima

SWALI: Nimevuta sigara tangu ujana wangu. Nimelea watoto sita ndani ya nyumba hiyo hiyo na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa moshi. Leo wajukuu wakija, wazazi wao wananitazama kama muuaji. Kelele hizi zimetoka wapi? – Babu

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Tunafurahi kwamba wanao wote ni wazima, na hatudhani kuna mtu mwenye haki ya kukutazama kwa jicho hilo. Ulipokuwa ukilea, madaktari wengi walivuta mbele ya wagonjwa wao, na hakuna aliyekueleza jambo ambalo sayansi yenyewe ilikuwa bado hailijui.

Kelele hizo, kama unavyoziita, zilianza kusikika kwa nguvu mwaka 1981. Mtafiti wa Japani, Takeshi Hirayama, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 wanawake 91,540 ambao wao wenyewe hawakuwa wakivuta, lakini wengi wao waliolewa na wavutaji. Wake wa wavutaji walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi ya wake wa wasiovuta, na kadiri mume alivyovuta sigara nyingi kwa siku ndivyo hatari ya mkewe ilivyopanda. Makampuni ya tumbaku yalitumia nguvu nyingi kuupinga utafiti huo, lakini tafiti nyingine zilifuata katika nchi mbalimbali na kuelekea upande ule ule, hadi shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, likahitimisha kwamba moshi wa sigara za wengine husababisha saratani kwa binadamu. Leo tunajua kwamba moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake zinajulikana kuleta saratani. Asiyevuta anayeishi na mvutaji huongezewa hatari ya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 hadi 30, na hatari ya ugonjwa wa moyo kwa asilimia 25 hadi 30. Ugonjwa wa moyo hutajwa mara chache, nasi tunaona hilo ni kosa, kwa sababu ndio unaoua wengi zaidi kati ya watu wazima wasiovuta wanaofikwa na madhara haya. Muda mfupi tu ndani ya moshi hutosha kuvuruga utando wa ndani wa mishipa ya damu na kuifanya damu iwe nyepesi kuganda.

Kuongezeka kwa hatari hakumaanishi kwamba kila mtu ataugua. Wapo waliolelewa katika moshi na wakafika uzeeni, kama ilivyo kwa wavutaji wenyewe. Ila familia moja, hata ikiwa na watoto sita, haitoshi kuonyesha kile kinachoonekana katika watu elfu tisini. Nasi tungependa kukuuliza kwa adabu: je, katika hao sita hapakuwa na aliyekohoa sana usiku, aliyekuwa na pumu, au aliyeumwa masikio kila msimu? Si kwa sababu hiyo lazima, lakini hayo ndiyo madhara ya kawaida zaidi, na kwa kuwa hayakuua yalisahauliwa.

Upo pia ushahidi wa upande wa pili, wa kile kinachotokea moshi unapoondolewa. Mwezi Machi 2006 Scotland ilipiga marufuku uvutaji katika majengo ya umma. Kabla ya hapo, idadi ya watoto wa chini ya miaka 15 waliolazwa kwa pumu ilikuwa ikipanda kwa asilimia 5 hivi kila mwaka; baada ya sheria ikaanza kushuka, kwa takriban asilimia 18 kwa mwaka katika kipindi kilichochunguzwa. Wengi walikuwa wamehofu kwamba wavutaji waliofukuzwa katika majengo hayo wangehamishia sigara zao nyumbani na kuwadhuru watoto zaidi, na hofu hiyo haikutimia.

Kwa hiyo, mzee wetu, wajukuu wakija wapokee uani, vuta kabla hawajafika au baada ya kuondoka, na uwaache wazazi wao waone kwamba umefanya hivyo kwa hiari yako.

Ninavuta nje tu

SWALI: Ninavuta nje ya nyumba, nanawa mikono, na bado mke wangu hataki nimbebe mtoto wetu mchanga mara niingiapo. Je, si anazidisha? – Baba Mpya

JIBU: Kwanza tukupongeze, kwa kuwa kuvuta nje ndiyo hatua kubwa kuliko zote na wengi hawajaifikia. Ila mkeo ana hoja. Mtu aliyemaliza kuvuta huendelea kutoa mabaki ya moshi katika pumzi yake kwa dakika kadhaa, na masalia mengine hung'ang'ania nywele, ndevu na nguo. Masalia hayo hutua pia kwenye mapazia, mazulia na viti, na watafiti wamegundua kwamba nikotini iliyotua hivyo inaweza kuungana na gesi nyingine zilizomo hewani na kutengeneza kemikali zinazosababisha saratani. Mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni hukutana nayo kabla ya mtu mwingine yeyote. Ushahidi juu ya masalia bado ni mchanga ukilinganishwa na ule wa moshi wenyewe, nasi hatuviweki katika mizani moja. Hata hivyo gharama ya kujihadhari ni ndogo. Simama mbali na milango na madirisha, vaa koti au shati la kuvutia ambalo hubaki nje, subiri dakika chache, nawa mikono na uso, kisha mbebe mwanao.

Shisha na sigara za kielektroniki

SWALI: Vijana wetu wameacha sigara na sasa wanatumia shisha na sigara za kielektroniki ndani ya nyumba, wakidai kwamba ule ni mvuke tu. – Mzazi

JIBU: Kuhusu shisha wamekosea kabisa: ni tumbaku pamoja na makaa yanayowaka, na makaa hayo hujaza chumba kabonimonoksaidi. Maji hupoza moshi, hayausafishi. Sigara ya kielektroniki haitoi moshi wa kuungua na kemikali zake ni chache kuliko za sigara, lakini kinachopulizwa kina nikotini na chembechembe ndogo, kwa hiyo nayo itumiwe nje. Kile kimiminika chake kifungiwe mbali na watoto, kwa kuwa nikotini ikimezwa ni sumu kali, na kiasi kidogo tu huweza kumuua mtoto.

Baba huvuta ndani ya gari

SWALI: Nina miaka 15 na nina pumu. Baba hutupeleka shule kila asubuhi na huvuta sigara njiani. Hufungua kioo chake kidogo. Mdogo wangu hufunika pua na baba hukasirika, anasema tunamdharau. Nifanye nini? – Mwanafunzi

JIBU: Mwanangu, umeuliza jambo ambalo lingepaswa kuulizwa na mtu mzima. Ndani ya gari moshi hauna pa kutawanyika, na vipimo vilivyofanywa katika magari ya wavutaji vimeonyesha viwango vya chembechembe vinavyozidi kwa mbali vile vinavyokubalika katika hewa ya kawaida. Kioo kilichofunguliwa kidogo hupunguza moshi lakini hakiuondoi, na mara nyingi hewa inayoingia huusukuma nyuma, mlipokaa ninyi. England na Wales zimepiga marufuku tangu Oktoba 2015 kuvuta ndani ya gari la binafsi lililofungwa ikiwa ndani yake yumo mtu wa chini ya miaka 18. Kwako wewe mwenye pumu, moshi unaweza kuanzisha shambulio, kwa hiyo dawa yako ya kuvuta iwe mkononi na si ndani ya begi nyuma ya gari.

Usizungumze naye garini, wala wakati sigara imewaka. Chagua saa ambayo ametulia, ikiwezekana mama yako au mtu mzima anayemheshimu awepo. Usimwambie kwamba sigara ni mbaya, kwa sababu hilo analijua. Mweleze kinachokupata wewe: kwamba kifua hubana, kwamba hufika darasani ukikohoa, kwamba mdogo wako hufunika pua kwa sababu anaumia na si kwa dharau. Kisha omba jambo moja dogo, kwamba asivute mkiwa ndani ya gari. Usimwombe aache kabisa siku hiyo hiyo, na usizifiche sigara zake, kwani ugomvi utahamia kwenye sigara zilizopotea na ombi lako litasahaulika. Ikiwa hatakubali, mwambie daktari anayekutibu pumu. Yeye anaweza kumweleza kama mzazi wa mgonjwa wake, na wazazi wengi husikia kwa daktari kile walichokikataa nyumbani.

Ukiona inafaa, mpe asome maneno yafuatayo, ambayo tunamwandikia yeye.

Ndugu mzazi, watoto wako hawakudharau. Nikotini humfanya aliyeizoea akose utulivu saa chache tu baada ya kuikosa, na asubuhi, baada ya usiku mzima bila sigara, hamu huwa kali zaidi. Tunajua kwamba unachoombwa si kidogo. Vuta kabla ya safari ukiwa mbali na gari. Ubani au kibandiko cha nikotini huweza kukusaidia kuvumilia njiani, na ukiamua kuacha kabisa, vitu hivyo pamoja na ushauri wa mtaalamu wa afya huongeza uwezekano wa kufanikiwa, hata kama umewahi kujaribu na kurudia. Ndani ya takriban saa 12 tangu sigara ya mwisho, kiwango cha kabonimonoksaidi katika damu hurudi katika hali ya kawaida, na baada ya mwaka mmoja hatari iliyoongezwa na sigara ya kupatwa na ugonjwa wa moyo hupungua hadi karibu nusu. Ondoa majivu na vipisi garini, futa viti na dashibodi, na kiberiti kisikae karibu na usukani. Katika safari ndefu, hamu ikikuzidi, simamisha gari mahali salama, shuka, sogea mbali nalo, vuta, kisha subiri dakika chache kabla ya kurudi ndani.